Kuchagua Bunduki: Neno la Fundi au Neno la Dhamiri?

Ndugu yetu mmoja, Mkristu wa kwetu ambaye kazi imempeleka kukaa Uingereza, ametuandikia barua ya kuuliza neno ambalo mwanzo lilituchekesha kidogo. Mkubwa wake wa kazi amemwalika waende pamoja kupiga ndege wakati wa baridi, kwa desturi ya kule, yaani ndege huswagwa na watu mpaka wapite juu ya vichwa vya wenye bunduki. Basi yeye auliza: ninunue bunduki ya namna gani? Halafu, chini kabisa ya barua, kama mtu anayeona haya, ameongeza: tena, je, ni dhambi?

Wasomaji wapenzi, wengi watafikiri kwamba ulizo la kwanza lapasa kupelekwa kwa fundi wa bunduki, na la pili kwa padri. Sisi, tulipokwisha kucheka, tuliona ya kuwa maulizo hayo mawili ni moja. Mtu akijibu vibaya la kwanza, amekwisha kujibu vibaya na la pili, hata kama hajui.

Tueleze kwanza uwindaji wenyewe, kwani wachache kwetu wameuona. Ndege wanaoswagwa zaidi ni fezanti, wa jamii ya kuku na kwale. Dume lake lina mkia mrefu na shingo ya kijani yenye kung'aa. Walinzi wa mashamba huwalea tangu vifaranga, kisha huwaachia msituni wakati wa joto, makumi ya mamilioni kila mwaka katika nchi ile. Ruhusa ya kuwapiga yaanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 1 Februari. Siku ikifika, watu wanane au tisa wenye bunduki husimama mstari mmoja nje ya msitu, kila mtu mahali pake. Upande wa pili waswagaji huingia na fimbo, wakigonga miti na kupiga kelele, na ndege huruka juu kuelekea ule mstari. Mwenye bunduki hatafuti nyayo wala hanyatii. Amesimama tu, anangoja. Mbwa huokota walioanguka. (Tena sheria ya Waingereza ya mwaka 1831 inakataza kuwaua siku ya Dominika na siku ya Noeli, na sheria hiyo ingaliko hata leo. Tungependa wavuvi na wawindaji wengine tunaowajua waisikie.)

Watu wa Ituri hawatashangaa sana wakisoma habari hii. Wambuti nao kwa desturi yao huwinda kwa kuswaga: wanaume hutega nyavu kama nusu duara msituni, wanawake na watoto huja kwa kelele kutoka upande mwingine, na mboloko akikimbia huingia wavuni. Lakini kuna tofauti. Katika wavu, mwenye kuua yuko karibu na mnyama mpaka anamgusa kwa mkono. Na jioni nyama hugawanywa, kila nyumba na sehemu yake, hakuna aliyekuja kutazama tu. Kule Uingereza, mwenye bunduki aua kwa mbali, angani, na mara nyingi hajui ndege gani alianguka kwa pigo lake na ndege gani alikwenda na jeraha kufa penye miiba. Basi ndipo bunduki inapoanza kuwa neno la dhamiri.

Kanisa lasemaje? Tusitafute ugumu usiokuwako. Tangu siku za Noe, Mungu amewapa watu ruhusa ya kula nyama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba ni halali kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini kuwatesa au kuwaua bure ni jambo lisilopatana na heshima ya mtu mwenyewe. Tuangalie: heshima ya mtu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kuonyesha njia hiyo zamani, aliposema kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama atauzoea pia kwa watu.

Liko na neno lingine ambalo lilitupendeza tulipolisoma. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza makleri kuwinda. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 138, iliwaambia wasijitie katika uwindaji, na ule wa kelele wasiufanye hata kidogo. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikurudia maneno hayo, wala walei hawakufungwa nayo kamwe. Lakini kwa nini wazee wale walitenga uwindaji wa kimya na uwindaji wa kelele? Mnyama hufa katika huu na katika ule. Sisi twadhani waliona ya kuwa katika kelele, katika kundi la watu, mbwa na pembe, mtu husahau anachofanya. Anayemvizia swala peke yake ana saa nzima ya kumwangalia, na anaweza kubadili nia. Aliyesimama mstarini, ndege thelathini wakitokea mara moja, huku majirani wakipiga kulia na kushoto, ana nafasi ya kupumua mara mbili tu. Hapo hawezi kufikiri. Ikiwa hakufikiri kabla, hatafikiri tena. Kwa hiyo mahali pa kufikiri ni dukani, siku anapochagua bunduki.

Basi twende dukani.

Bunduki ya marisau haitupi risasi moja kama ya askari. Hutupa marisau mengi, katika uwindaji huu zaidi ya 250 kwa pigo moja, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Yakitoka mtutuni huenda yakitawanyika. Ndege hufa upesi yakimpata kadhaa kwa pamoja, yenye nguvu bado, katika kichwa au kifua. Yakimpata mawili ya pembeni, huenda zake. Kwa mpigaji wa kawaida, mwisho wa kuua kwa hakika ni karibu mita 35, labda 40. Kupita hapo marisau yamekwisha kuachana, na kati yake ndege hupita amejeruhiwa au salama, kama bahati itakavyo.

Neno la kwanza ni kwamba bunduki hii haina alama ya nyuma ya kulengea kama ile ya vita. Alama ya nyuma ni jicho la mpigaji mwenyewe. Akiiinua begani, kitako kikiwa kirefu mno, kitanaswa na koti. Kikiwa kifupi, kidole gumba kitampiga pua. Kikiwa chini au juu kuliko inavyofaa shavu lake, jicho halitakaa juu ya mtutu, naye atapiga chini ya ndege au juu yake bila kujua sababu. Kwa hiyo fundi hodari hupima mtu kama mshonaji anavyopima suruali: urefu wa mkono, upana wa kifua, shingo, shavu. Mpimwa avae koti lile lile atakalovaa siku ya baridi. Tena hupima macho. Wako watu wengi wanaotumia mkono wa kuume lakini jicho lao la kushoto ndilo lenye nguvu. Huyo akifungua macho yote mawili, bunduki yake hutazama pengine. Asipojua hivyo, anaweza kununua bunduki tano, moja baada ya nyingine, akilaumu zote.

Twasema bila kusita: hili la kupimwa linapita yote mengine. Bunduki ya zamani, iliyokwisha kutumika, ya bei ndogo, ikikaa vema mwilini mwa mtu, ni halali mkononi mwake kuliko bunduki ya London yenye maua yaliyochorwa kwa patasi, ambayo bei yake hupita bei ya nyumba ya matofali huku kwetu, ikiwa haikai. Ya kwanza humpa ndege kifo cha upesi. Ya pili humpa mwenyewe sifa wakati wa chakula.

Baada ya hapo kuna kalibri. Watu husema kalibri ya 12, na wengi hudhani ni kipimo cha upana. Maana yake ni hii: vipande 12 vya mviringo vya madini ya risasi, vyenye upana sawa na tundu la mtutu, vina uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu kalibri ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12, ingawa namba ni kubwa. Ya 12 ndiyo ya kawaida, na uzito wa bunduki yake huwa kama kilo tatu. Kwa ndugu yetu anayeanza, hiyo yatosha. Asidanganywe na bunduki nyepesi mno. Dukani hupendeza kama unyoya. Uwanjani hupiga bega, tena huanza kwenda upesi na kusimama upesi, na ndege arukaye hataki mtutu unaosimama. Mtu aliyekwisha kuumizwa bega hufumba macho kabla ya kuvuta mtambo, hata akikana. Akiogopa bunduki yake mwenyewe, ndege ndiye anayelipa.

Mitutu iwe ubavu kwa ubavu, kama desturi ya zamani ya Waingereza, au mmoja juu ya mwingine? Haidhuru. Achukue ile anayopiga vizuri nayo.

Lakini choki inadhuru sana, na hapa tunataka kukaa kidogo. Choki ni kule kubanwa kwa mtutu karibu na mdomo. Ikibana sana, marisau huenda pamoja mpaka mbali. Ikibana kidogo, hutawanyika mapema. Kijana akiingia dukani atataka inayobana sana. Ukimwuliza sababu atasema: nipate kuwafikia walio juu. Kumbe ndege wengi watapita mita 20 au 25 juu yake, na kwa umbali huo choki ya namna hiyo ama itamkosa ndege kabisa, kwa kuwa kundi la marisau ni dogo kama sahani, ama itampasua hata asifae chunguni. Huyu kijana amenunua bunduki kwa ajili ya ndege mmoja, yule wa mbali kuliko wote, ambaye atasimuliwa usiku. Na wengine wote watalipa deni la masimulizi hayo. Siku hizi, katika mabonde ya Wales na ya Devon, iko fahari ya kupiga ndege walio juu sana, mita 50 na zaidi. Wako mabingwa wanaoweza. Sisi hatulaumu ubingwa. Lakini twajua pia ya kuwa kwa bingwa mmoja wako watu kumi wanaomwiga, nao hujaribu mara sita ili mmoja aanguke, na wale watano si lazima wawe wazima. Kujaribu nguvu zako juu ya shabaha ya udongo ni mchezo mwema. Kuzijaribu juu ya kiumbe chenye damu, hali wajua hutoshi, ni jambo jingine.

Msitu wetu unajua dhambi hiyo bila choki. Ni yule anayefyatua kichakani kwa kufuata mlio wa majani tu, kisha arudi nyumbani akisema hakupata kitu. Alipata, ila hakumfuata.

Mtu atasema: basi shida yote ni ustadi, tuwape bunduki wastadi. Sivyo. Lord Ripon wa Uingereza alihesabiwa kati ya wapigaji hodari kuliko wote waliopata kuishi. Hesabu aliyoiandika ya wanyama na ndege aliowaua ilipita nusu milioni. Alikufa mwezi wa Septemba 1923, papo hapo mlimani penye uwindaji, akiwa amekwisha kupiga ndege 52 asubuhi ile. Mkono wake haukutesa ndege wengi, twakubali. Lakini nusu milioni! Na tarehe 18 Desemba 1913, penye shamba la Hall Barn, watu wachache, mmoja wao mfalme George wa Tano, waliua fezanti 3,937 kwa siku moja. Mwanawe alisimulia baadaye ya kwamba njiani kurudi mfalme alikuwa kimya, kisha akasema labda leo tumepita kiasi. Hakuna padri aliyemwambia. Bunduki zake zilikuwa nzuri, zilikaa vema mwilini, na mtumishi alikuwa nyuma akimjazia. Dhamiri ilikuja garini, baada ya kelele kwisha.

Hata leo liko jaribu la namna hiyo. Watu wengi hununua siku ya uwindaji, na bei hufuata hesabu ya ndege: siku ya ndege 100, siku ya ndege 200. Aliyelipa 200 huona 150 kama deni ambalo hakulipwa. Ndugu yetu yeye amealikwa, hakununua. Lakini na aulize mapema ndege watakwenda wapi. Wakiliwa nyumbani, au wakipelekwa sokoni na kuliwa huko, vema. Akisikia kwamba sehemu yao hutupwa kwa kuwa ni wengi mno, twamwomba asiende, na hapo habari ya bunduki imekwisha.

Wasomaji wetu wa zamani wanajua ya kuwa bunduki nyingi zilizoletwa Kongo zilitoka Liège, Ubelgiji. Mji huo ni mji wa Mtakatifu Huberti, askofu aliyefariki mwaka 727, ambaye wawindaji wamemfanya mlinzi wao na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Husimuliwa kwamba alimwona ayala mwenye msalaba kati ya pembe zake, siku ya Ijumaa Kuu, akaacha kumfukuza. Hadithi hiyo hiyo husimuliwa pia juu ya Mtakatifu Eustaki, basi tusiishikilie kama historia. Bali hili ni historia: mwaka 1672 askofu mtawala wa Liège, Maximilian Henry wa Bavaria, alitoa amri ya kwamba mitutu ijaribiwe kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa, ili isipasukie mikononi mwa watu. Nyumba ya kujaribia ingaliko, na bunduki zilizopita jaribio huwa na alama yake. Askofu alitunza vidole vya mnunuzi. Hatuoni vibaya kuongeza kwamba na ndege anastahili jaribio lake, nalo ni la mpigaji: akaangushe kwanza sahani za udongo, kwa miezi, mbele ya mwalimu, kwa umbali ule ule atakaowapiga ndege.

Alama hizo zina kazi mpya siku hizi. Lugha yetu huita risasi kwa jina la madini yake, na madini hayo ni sumu. Bata wa mabwawani humeza marisau yaliyozama wakidhani ni changarawe, wakafa. Na mla nyama huweza kula vipande vidogo asivyoviona. Udenmaki waliyakataza marisau hayo mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya umeyakataza penye mabwawa na vinamasi tangu Februari 2023. Badala yake wengi hutumia marisau ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hupoteza mwendo mapema, kwa hiyo lazima kuchagua marisau makubwa zaidi na kutopiga mbali. Ni kigumu pia, chaweza kuharibu mtutu wa kale, hasa wenye choki ya kubana. Bunduki iliyojaribiwa kwa nguvu ya chuma ina alama ya ua la yungiyungi, ua lile lile tunaloliona katika picha za Bikira Maria. Ndugu yetu alitafute chini ya mitutu kabla ya kutoa fedha, asije akanunua bunduki ambayo baada ya miaka michache haitakuwa na cha kutia ndani.

Neno juu ya waswagaji, kwa kuwa maskini husahauliwa hata katika barua za kuuliza dhambi. Hawa huja na fimbo tangu asubuhi, katika tope, kwa mshahara mdogo, na kila mmoja aweza kusema: sikuua. Kweli hakuua. Lakini yeye na mwenye mbwa ndio wanaomwona ndege aliyejeruhiwa ambaye mwenye bunduki hakumwona. Tumesoma kwamba penye uwindaji mwema hawaendi mahali pengine mpaka walioanguka watafutwe, na mwenye bunduki hukumbuka kila aliyempiga alikoangukia ili amwonyeshe mwenye mbwa. Asiyeweza kukumbuka amepiga wengi kupita akili yake.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni hili. Kwenda si dhambi, ikiwa ndege wataliwa. Aende kwa polisi kuomba hati ya bunduki, kama sheria ya kule inavyotaka. Apimwe, na macho yake yapimwe. Anunue kalibri ya 12 iliyokwisha kutumika, yenye choki ya kubana kidogo na alama ya yungiyungi, asitumie fedha za ada ya watoto. Apate mwalimu wa shabaha za udongo. Siku ya uwindaji aamue, kabla ya kelele kuanza, mti fulani au ukingo fulani ambao ndege akipita juu yake atamwacha apite, hata jirani akimcheka. Na kama mwezi wa Novemba umefika naye bado anakosa sahani sita katika kumi, amshukuru mkubwa wake kwa mwaliko, aiache bunduki nyumbani, aombe fimbo na kuingia msituni pamoja na waswagaji.